Saa 9 usiku, 1 Januari 1970: historia ya tarehe za mafaili

Kuna tarehe moja ambayo mtu yeyote aliyeshinda na kompyuta za watu anaifahamu: 1 Januari 1970. Unafungua folda iliyookolewa kutoka kwenye simu ya zamani, unayapanga mafaili kwa tarehe, na chini kabisa limekaa faili moja linalodai lilibadilishwa mara ya mwisho siku hiyo, saa 9 kamili usiku. Ukilifungua, ni picha ya mahafali ya juzijuzi.

Kwa nini saa 9 usiku, na si saa 6, siku inapobadilika? Ni kwamba kompyuta haihifadhi tarehe. Inahifadhi namba: idadi ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya dunia, yaani UTC. Namba ikipotea au ikiandikwa sifuri, sifuri hiyo inasomwa kama tarehe. Moshi tuko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo sifuri yetu inasomeka 03:00, ambayo kwa Kiswahili ni saa 9 usiku. Mtu wa Accra akifungua faili hilohilo ataona saa 6 kamili usiku. Wa London, kwenye kompyuta ya Linux, ataona saa 7 usiku, kwa sababu kati ya 1968 na 1971 Uingereza ilijaribu kubaki na saa ya kiangazi mwaka mzima, na kompyuta inalikumbuka hilo. Shika mfano huo wa London, tutauhitaji tukifika kwetu.

Leo nataka tuzungumzie swali ambalo wanafunzi huuliza kwa sauti ya chini: je, tarehe ya faili inaweza kubadilishwa? Inaweza, kwa mstari mmoja wa amri, na huhitaji kuwa mtaalamu. Kwenye Linux unaandika touch -t 199803150930 na jina la faili, basi, faili la leo limekuwa la tarehe 15 Machi 1998, saa 3 na nusu asubuhi. Hakuna kengele inayolia. Ni kama ule muhuri wa mpira wa ofisini wenye magurudumu ya siku, mwezi na mwaka. Anayeushika ndiye anayeyazungusha, na karatasi haiwezi kukataa.

Swali linalonivutia zaidi ni kwa nini waliotengeneza mfumo waliruhusu hivyo. Kumbe waliwahi kukataza, kisha wakaruhusu tena.

Amri iliyofungwa, ikafunguliwa

Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakijenga Unix katika maabara za Bell nchini Marekani. Kitabu cha kwanza cha maelekezo yake kina tarehe 3 Novemba 1971, mwaka uleule KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi. Wakati huo muda ulihesabiwa kwa vipande vya sekunde, 60 kwa kila sekunde, kuanzia mwanzo wa 1971. Namba yenye biti 32 ikihesabu kwa kasi hiyo inajaa baada ya siku 829 hivi, miaka miwili na robo. Walilijua hilo, kitabu chenyewe kiliwatania wasomaji juu yake. Mwanzo wa kuhesabu ukasogezwa zaidi ya mara moja, hadi wakakubaliana na sekunde nzima na mwaka 1970. Hakuna jambo lolote kubwa lililotokea usiku ule. Ulikuwa mwaka wa namba ya mviringo, basi.

Katika toleo hilo la kwanza tayari kulikuwa na ombi ambalo programu ingeweza kulipeleka kwenye kiini cha mfumo, likiitwa smdate. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuweka tarehe ya kubadilishwa kwa faili unavyotaka wewe. Miaka michache baadaye, katika Toleo la 6 la mwaka 1975, ombi hilo lilikuwa limefungwa. Msimbo wake uliachwa palepale, lakini umezuiwa usifanye kazi, na juu yake waandishi wameweka maelezo mafupi: umeondolewa kwa sababu unavuruga bakapu. Wakaongeza kwamba msimbo wenyewe hauna kasoro, na anayeutaka anaweza kuurudisha mwenyewe.

Tunaujua mstari huo kwa sababu John Lions, mwalimu wa chuo kikuu huko Australia, aliuandalia msimbo wa Toleo la 6 kitabu cha ufafanuzi kwa ajili ya wanafunzi wake. Baadaye usambazaji wake ulibanwa, na kikasambaa dunia nzima kwa fotokopi ya fotokopi. Mwanafunzi wa Tanzania hahitaji kuelezwa jambo hilo linavyokwenda.

Sasa, bakapu inavurugwaje? Nakala za akiba zilikuwa zinawekwa kwenye tepu, na tepu ilikuwa ghali na ya polepole. Kwa hiyo kila mara mfumo ulinakili yale mafaili tu yaliyobadilishwa tangu nakala iliyopita, na uliyajua kwa tarehe. Fikiria umeandika sura nzima ya tasnifu leo, kisha ukalipa faili tarehe ya mwezi uliopita. Usiku bakapu inapita, inaangalia tarehe, inasema hili ni la zamani ninalo tayari, inaliruka. Kesho diski inakufa. Aliyepoteza kazi ni wewe mwenyewe uliyezungusha magurudumu.

Naona hapa ndipo moyo wa jambo lote ulipo. Ile tarehe haikuwekwa kuwa shahidi wa mahakamani. Iliwekwa ili mashine ziambiane nani ameshughulikiwa na nani bado. Walipoizuia isibadilishwe, hawakuwa wanapambana na waghushi. Walikuwa wanalinda tepu.

Mwaka 1976, katika maabara hizohizo, Stuart Feldman aliandika programu iitwayo make. Mwenzake mmoja alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alishalisahihisha; tatizo ni kwamba alisahau kuutafsiri upya msimbo uliosahihishwa kwenda lugha ya mashine. Make inalinganisha tarehe mbili. Kama msimbo ni mpya kuliko programu iliyozalishwa nao, inautafsiri upya. Kama si mpya, inauacha. Kazi yote inasimama juu ya tarehe za mafaili, na ghafla watu wakawa na sababu halali ya kutaka kulifanya faili lionekane jipya.

Ndipo ikaja touch, katika Toleo la 7 la mwaka 1979. Maana ya jina hilo ni gusa, na mwanzoni ilikuwa inagusa kwelikweli. Ilifungua faili, ikasoma herufi ya kwanza, ikaiandika tena herufi ileile mahali pake. Hakuna kilichobadilika, lakini faili lilikuwa limeandikwa, kwa hiyo tarehe ikawa ya sasa. Napenda sana ujanja huo. Touch ya 1979 haikuwa na namna ya kusema uongo kuhusu jana. Iliweza kusema "sasa" tu, na kweli ilikuwa sasa. Uwezo wa kuandika tarehe yoyote uliongezwa baadaye.

Lakini toleo hilohilo lilirudisha mlango uliofungwa, kwa jina jipya la utime. Sababu ilikuwa halali pia. Ukifungua kifurushi cha mafaili uliyohifadhi, unataka yarudi na tarehe zake za zamani, si yote yaonekane yamezaliwa leo. Na tatizo la bakapu? Dawa ilikuwa kuwa na nyakati tatu kwa kila faili: lini lilisomwa, lini yaliyomo yalibadilishwa, na ya tatu, lini taarifa zozote za faili zilibadilishwa, ikiwemo tarehe yenyewe. Mbili za kwanza unaweza kuziandika utakavyo. Ya tatu huandikwa na mfumo peke yake, na hakuna amri ya kawaida ya kuipangia. Ukizungusha magurudumu ya muhuri, kuna kitabu kingine mezani kinachoandika saa uliyoyagusa.

Kinaitwa ctime, na watu wengi hudhani herufi ile ya mwanzo inamaanisha kuundwa kwa faili. Sivyo, ni mabadiliko. Andika stat na jina la faili, utaziona zote. Tena, faili lililopewa tarehe kwa touch -t, kwenye diski ya kisasa ya Linux, litaonyesha sekunde zenye sifuri tisa baada ya nukta, wakati faili lililoandikwa kwa kawaida huwa na tarakimu za ovyo pale.

Moshi ya 1933 na nusu saa iliyopotea

Hadi hapa ni tarehe zinazobadilishwa na mtu. Kuna zinazobadilika bila kuguswa na yeyote, na hapa ndipo turudi nyumbani.

KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933. Tuseme unaskani karatasi za ushirika za mwaka huo, na unataka kila faili lijipange kwa tarehe ya kikao, si tarehe ya skana. Ni matumizi mazuri kabisa ya touch. Kikao kilianza saa 4 asubuhi, unaandika 10:00. Namba inayohifadhiwa ni hasi, kwa kuwa 1933 iko kabla ya 1970, lakini kompyuta za leo hazina shida na hilo.

Ili kuigeuza 10:00 ya Moshi kuwa namba, kompyuta inahitaji kujua Moshi ilikuwa saa ngapi mbele ya UTC mwaka 1933. Linux, macOS na simu za Android hutazama hifadhidata moja ya kanda za saa, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kuratibiwa kwa miaka mingi na Paul Eggert. Nchi yetu imo kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam. Kwa miaka mingi maelezo yake yalisema hivi: saa ya jua la Dar hadi 1931, kisha saa 3 mbele hadi 1948, kisha saa 2 na dakika 45 hadi 1961, kisha saa 3 mpaka leo.

Baadaye waratibu waliamua kuunganisha kanda ambazo saa zake zimefanana tangu 1970, wakisema takwimu za kabla ya hapo nyingi zina vyanzo dhaifu. Dar es Salaam ikafanywa jina la pili la Nairobi. Kwa miaka tangu 1970 hakuna tofauti hata ya sekunde. Lakini kwa hifadhidata hiyo, Nairobi ya 1933 ilikuwa saa 2 na nusu mbele, si 3.

Fanya hesabu. Faili uliloandikia saa 4 asubuhi kwenye kompyuta yenye jedwali la zamani, ukilifungua kwenye kompyuta yenye jedwali jipya, linasema kikao kilianza saa 3 na nusu. Namba iliyo kwenye diski ni ileile. Hata ctime haikusogea. Kilichobadilika ni faili jingine kabisa, lililokuja pamoja na masasisho ya kawaida ya mfumo, isipokuwa kama waliotengeneza mfumo wako wameamua kutunza data za zamani, maana hilo nalo linawezekana.

Wapo waliopinga miunganiko ya namna hii, na mimi niko upande wao, ingawa naelewa hoja ya vyanzo dhaifu. Kama hujui saa ya Dar ya 1933 kwa uhakika, kuazima ya Nairobi hakukuongezei uhakika. Tena cha kuchekesha, jua la Moshi, kwa longitudo ya mji huu, liko takriban saa 2 na dakika 29 mbele ya UTC. Ile saa 2 na nusu ya Nairobi inakaribia jua letu kuliko saa yoyote tuliyowahi kuandikiwa Dar. Ndiyo maana pia leo jua linatufikia kichwani karibu saa 6 na nusu mchana.

Katibu, kilo na makato

Turudi kwenye mambo yanayogombanisha watu. Chukulia AMCOS moja huko Kibosho au Machame. Muhtasari wa kikao kilichopitisha makato kwa kila kilo ya kahawa uko kwenye kompyuta ya katibu. Wanachama wanadai kiwango kiliongezwa baada ya kikao. Katibu anafungua kompyuta: tazameni, faili limebadilishwa mara ya mwisho siku ileile ya kikao. Je, amejitetea?

Bado. Umeshaona ni mstari mmoja wa amri, na kwenye Windows kuna programu za bure za kazi hiyo. Iliyovuma zaidi, Timestomp, ilitolewa mwaka 2005 kuonyesha jinsi wachunguzi wanavyoziamini mno tarehe hizi. Wachunguzi nao wakajibu kwamba diski za NTFS huhifadhi tarehe mahali pawili, na programu ile iligusa pamoja tu.

Geuza sasa. Faili linaonyesha tarehe ya wiki mbili baada ya kikao, na wanachama wanapiga kelele. Je, katibu amekamatwa? Bado pia. Huenda alisahihisha jina moja, au alilihifadhi tena tu kabla ya kuchapisha. Kuna na hili linalowaponza wengi: kwenye Windows, ukinakili faili kwenda mahali pengine, nakala inabaki na tarehe ya zamani ya kubadilishwa lakini inapata tarehe mpya ya kuundwa. Faili linaonekana limebadilishwa kabla ya kuzaliwa. Nimeshaona mwanafunzi akihojiwa kwa jambo hilo kana kwamba ameiba mtihani, wakati alichofanya ni kuhamisha kazi yake kwenye laptopu mpya.

Flashi nazo zina yake. Nyingi, hasa ndogo, zimepangwa kwa mfumo wa FAT, ambao hauijui UTC kabisa. Unaandika saa ya ukutani ya kompyuta iliyotumika, kwa hatua za sekunde mbili mbili, kuanzia 1980. Kompyuta ya steshenari iliyobaki na saa ya California inaandika muda ulio nyuma ya wetu kwa saa 10 au 11, na hakuna mahali popote kwenye flashi panapoeleza kwamba hiyo ilikuwa saa ya California. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, umeme ukikatika na kurudi, inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kila utakachohifadhi kabla ya kuirekebisha kitakuwa na tarehe hiyo.

Kwa hiyo tunatafuta mashahidi wasiokaa meza moja. Hati ya Word ina tarehe zake ndani, tofauti na zile za diski. Barua pepe ina tarehe ya seva ambayo katibu haimiliki. Kama muhtasari ulitumwa kwenye kundi la WhatsApp jioni ya kikao, nakala iko kwenye simu za watu 40, na hakuna touch itakayozifikia zote. Mwenye bidii zaidi angetuma na alama ya SHA-256 ya faili, namba inayobadilika kabisa ukigusa hata koma moja. Watafiti wanaotumia vifaa vya kujirekodia wamezoea hili. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa na Wamarekani mwaka 2000 juu ya barafu ya kaskazini ya Kilimanjaro ni cha aina ambayo kila mstari wa vipimo unabeba muda wake ndani, kwa hiyo ukilinakili faili mara mia, muda wa vipimo haupotei.

Sheria yetu inaelekea hukohuko. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haikatai ushahidi kwa kuwa tu ni wa kielektroniki, lakini katika kuupima inataka mahakama itazame jinsi data ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kupelekwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeitoa alivyotambulishwa. Tarehe peke yake haimo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inatambua kughushi kwa kompyuta kuwa kosa.

Ukitaka kuona upimaji huo ukifanyika hadharani, tazama kesi ya Craig Wright huko London. Alidai kuwa yeye ndiye Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin, akaleta nyaraka za kuthibitisha. Mwaka 2024 Jaji Mellor aliamua kwamba siye, na kwamba nyingi za nyaraka hizo zilighushiwa. Wataalamu walionyesha pia kwamba saa ya kompyuta yenyewe ilirudishwa nyuma, njia mojawapo ya kuwadanganya akina ctime. Ila saa ikirudishwa nyuma inaacha vumbi lake kila kona: programu ambazo hazikuwepo mwaka unaodaiwa, kumbukumbu za mfumo zinazoruka mbele na nyuma, mafaili yanayopishana bila mpangilio.

Limebaki jambo moja, na hili halina mghushi. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde kwa biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa Moshi itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7, kama kulikucha salama na mlima unaonekana. Sekunde inayofuata, kifaa chochote ambacho hakijarekebishwa kitarudi hadi tarehe 13 Desemba 1901, na ukikiuliza ni saa ngapi, jibu litategemea jedwali lililomo. Lenye jedwali la zamani la Dar es Salaam litasema ni saa 5 na dakika 23 usiku. Lenye Nairobi litasema saa 5 na dakika 13. Kwa jua la Moshi, usiku ule, ilikuwa saa 5 na dakika 15.